Mzigo wa Ukunguni

Kitu cha kwanza kuharibika siku ile kilikuwa mdomo wa Redio. Ulinyamaza.

Asiyemjua Redio ataona hilo si jambo. Lakini waliowahi kupanda naye mlima wanajua kwamba bwana yule akibeba mzigo anaongea, akiteremka anaongea, akitafuna anaongea, na hema likishafungwa zipu utamsikia anabishana na ndoto. Kuna wageni waliokuwa wakimwomba atembee mbali kidogo, wapate na wao kusikia ndege. Sasa mchana ule, baada ya kuvuka shingo ya mlima, pale njia inapopenya kati ya vilele viwili, alitokea ukunguni akiwa wa mwisho, akajikokota mpaka kibandani, na hakutoa neno. Hata chafya yake aliipiga kwa adabu.

"Shemeji, umekuwaje?" mke wa kaka yake akamuuliza.

Akatikisa kichwa, akaenda kukaa karibu na moto.

Huyo shemeji yake ndiye aliyekuwa mpishi wa safari. Walimwita Kijiko, kwa sababu ya kijiko cha bati alichokichomeka kwenye kilemba tangu siku ya kuondoka mpaka siku ya kurudi. Wabaya wake walisema analala nacho. Mumewe akiulizwa alijibu kwamba ni kweli, na kinachoma mbavu. Mume mwenyewe alikuwa kiongozi wa safari, mtu mpana, mzito wa mwendo, hajawahi kumkimbilia mtu wala kukimbia kitu, na kwa hiyo jina lake njiani lilikuwa Kobe. Redio alikuwa mdogo wake, mbeba mizigo. Kazi yao watatu ilikuwa moja: kupitisha watu kwenye ile njia ndefu ya juu ya migongo ya milima, kibanda cha mawe hadi kibanda cha mawe, mpaka mgeni atoke upande wa pili amekonda na amefurahi.

Safari ile mgeni alikuwa mmoja tu, daktari wa meno. Mtu mpole, ila alikuwa na tabia ya kukutazama mdomoni unapoongea. Na ilikuwa bahati kuwa naye, maana Kobe alianza safari na jino la nyuma lililomvimbisha shavu kama mtu aliyeficha yai. Daktari alimkalisha juu ya jiwe, Kijiko akamkaba kichwa kwa magoti, jino likatoka. Daktari akalinyanyua juani, akaisifu mizizi yake kama mkulima anavyosifu muhogo. Kijiko akalifunga kwenye pembe ya leso. Alisema kitu kilichompigia kelele usiku kucha hawezi kukitupa hivi hivi.

Sasa, wabeba mizigo wa njia ile wana ada yao. Ukimkuta mwenzio amechoka, naye akakwambia "Nipokee", humwambii ngoja, wala humwambii na mimi nimechoka. Unasema "Nimekupokea", unauvaa mzigo wake, na kuanzia hapo ni wako mpaka kibanda kinachofuata. Huulizi una nini ndani. Anayesita hasemwi mbele yake. Anasemwa akishapita, na hiyo inauma zaidi. Kobe, katika hili, alikuwa amepitiliza. Mtu mzito vile wa kila kitu, lakini mwenzake hajamaliza kuomba yeye kashajibu. Mkewe alimtania kwamba hata akiota ameombwa atajibu, na kweli aliwahi kujibu usingizini, akavuta shuka lote akadhani ni furushi.

Basi mchana ule Kobe alifika kibandani na shanta yake ameihamishia kifuani. Mgongoni alikuwa na furushi la turubai kuukuu, lililofungwa kwa kamba, lenye mikanda miwili mabegani. Asubuhi halikuwepo.

"La nani hilo?" Kijiko akauliza.

"La mtu. Nimemkuta shingoni amekaa jiweni, amechoka, amenipa mgongo. Kaniambia nimpokee."

"Na yeye yuko wapi?"

"Si anakuja nyuma, na Redio."

Wote wakamtazama Redio. Redio akakitazama kikombe chake.

Walimsubiri huyo mtu mpaka chai ikapoa. Hakutokea. Ukungu ulikuwa umesimama mlangoni kama mgeni anayengoja kuambiwa karibu. Kobe akavua shanta, akaiweka chini, akashika mikanda ya furushi avue na lile, na mikanda haikutoka. Akacheka. Akajaribu tena. Daktari akaja kusaidia, akavuta, akasema labda maji yameivimbisha. Lakini haikuwa na maji. Ilikuwa na joto. Na lile furushi lilinuka, harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi, zikasahauliwa humo miaka.

Kijiko alimfuata Redio nje, kwenye bomba la maji.

"Sema," akamwambia kwa sauti ya chini. "Nakujua. Wewe kunyamaza ni ugonjwa."

"Shemeji, nilikuwa nyuma yake hatua chache tu. Jiweni hapakuwa na mtu. Nilimwona kaka ananyoosha mikono, nikamsikia anajibu. Aliyeomba sikumwona. Halafu mara mgongoni kwake kuna kitu."

"Kwa nini hukumwita palepale?"

Redio akageuka kutazama njia walikotoka, halafu akasogea karibu na shemeji yake mpaka mabega yakagusana.

"Kwa sababu yeye alikuwa mbele yangu," akasema. "Na nyuma yangu alikuwepo mwingine."

Walipoingia ndani walimkuta Daktari ameshika kisu chake kidogo chenye makali. Alisema hakuna haja ya kusumbuana na mkanda, unakatwa, mwenye furushi akija atalipwa mkanda mpya. Akauwekea kisu, akaanza kukeketa. Kobe akapiga kelele. Daktari akaruka nyuma. Mkanda haukuwa na hata alama, ila bega la Kobe, chini ya shati, lilikuwa limechanika mstari mwembamba uliokaa sawasawa kama umepimwa, na damu ikawa inateremka mpaka kiunoni.

Daktari alilishona jeraha lile kwa mikono iliyotulia, maana ndiyo kazi yake. Kulipopambazuka tu akaungana na kundi jingine lililokuwa linateremka kwa njia ya mkato. Alimwambia Kijiko kwamba akifika chini atatafuta msaada, na kwamba atakuja nyumbani kulitazama lile pengo la jino linavyopona. Hakumtazama machoni. Hatumlaumu. Wengi wetu tungeondoka bila hata kushona.

Wakabaki watatu, na hawakuwa na la kufanya ila kumshusha Kobe, polepole, kibanda kwa kibanda.

Siku ya kwanza Kobe alitembea ameinama kidogo, anatania kwamba sasa jina limemfaa, nyumba iko mgongoni. Mkewe akacheka kwa ajili yake. Siku iliyofuata hakutania. Furushi lilikuwa halijaongezeka ukubwa, lakini nyayo zake zilizama kwenye ardhi ngumu ambayo Redio, na sufuria zote mgongoni, aliipita bila kuacha alama. Alikula amesimama, kwa sababu akikaa hakuweza kuinuka. Alilala kifudifudi, na Kijiko akilala kando yake alisikia mbavu za mumewe zikilia kama kitanda cha kamba.

Na nyuma yao kulikuwa na mtu.

Mwanzoni ilikuwa ni changarawe tu, ile sauti ya changarawe inayoteleza mtu anapokanyaga pembeni, na wakisimama inachelewa kidogo ndiyo isimame. Halafu kikawa kikohozi. Kobe alikuwa na kikohozi chake, kifupi mara mbili na kirefu mara moja, Kijiko angekitambua sokoni katikati ya watu wote, na mchana mmoja ukungu umewafunika alikisikia kikohozi hicho kinatoka nyuma ya mgongo wake ilhali mumewe yuko mbele yake, amemshika mkono, na hajakohoa tangu asubuhi. Ukungu ukapasuka kidogo, naye akageuka, na kule juu kwenye kona waliyoipita muda si mrefu akamwona mtu mpana, mzito wa mwendo, anayeshuka bila haraka, mikono mitupu inaning'inia, mgongo umenyooka, uso bado haujakaa sawa kama uji unaotaka kushika lakini haujashika, na kadiri Kobe wa mbele alivyozidi kuinama ndivyo yule wa nyuma alivyozidi kunyooka, na kadiri mumewe alivyozidi kukosa sauti ndivyo kule nyuma mtu alivyoanza kuimba kwa mdomo uliofungwa ule wimbo mbaya, usio na mwisho, ambao Kobe alikuwa akiuimba nyumbani anaponyoa ndevu.

"Usimtazame, shemeji," Redio akanong'ona.

"Anaimba wimbo wa mume wangu."

"Najua. Twende."

Kwenye kibanda cha chini walimkuta mwanamke mmoja anakausha mizizi juu ya bati. Alikuwa mganga, mfupi, anapanda huko juu kuchimba dawa zisizoota bondeni, na pua yake haikukauka mwaka mzima, kwa hiyo walimwita Bi Mafua. Watu walimcheka kwamba anaponya kila mtu isipokuwa pua. Alimtazama Kobe akiingia kwa magoti, akaacha mizizi yake.

"Nani kakwambia nipokee?" akamuuliza.

Mkewe akaeleza yote, haraka haraka, huku ameshika mlango usifunguke.

Bi Mafua alipenga kamasi kwanza.

"Mimi nilidhani amekwisha, yule," akasema. "Ni jini wa njia. Ana mzigo wake na hawezi kuutua, wala aliye nao hawezi kuutua. Anachoweza ni kupokewa. Akishapokewa anamfuata aliyempokea, na kila siku anajichotea kidogo. Leo kikohozi, kesho mwendo, keshokutwa uso. Akimaliza, yeye ndiye anayekwenda nyumbani. Na mwenye nyumba anarudishwa kukaa jiweni."

Kijiko akakaa chini palepale, kwenye maganda ya mizizi.

"Na mimi nikimpokea mume wangu?"

"Utakuwa umempokea. Yeye atapumzika, wewe utakaa jiweni. Umesaidia nini?"

"Kijiko," mumewe akasema kutoka sakafuni. Sauti yake ilikuwa kama inatoka chini ya gunia. "Mke wangu. Nipokee. Kidogo tu, nipate kuvuta pumzi."

Naye mwanamke akafungua mdomo. Redio aliniapia kwamba neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, angelisema, lakini Bi Mafua alimziba mdomo kwa kiganja chake chenye udongo, akakishikilia hapo mpaka Kobe akaanza kulia, mpaka Kobe mwenyewe akasema, "Mzibe. Mzibe vizuri. Nisisikie akinijibu."

Baadaye, walipotulia, mganga akasema dawa ni moja. Kobe arudishwe palepale alipopokea. Amwombe yule aliyemwomba, kwa maneno yaleyale, na yule ajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Hawezi kukataa, kwa sababu ada aliyoitumia kumfunga mwenzake inamfunga na yeye.

"Lakini wewe ndiye uanze," akamwambia Kobe, amemwinamia sikioni. "Wewe. Useme nipokee kabla yeye hajasema kitu. Umenisikia?"

Kobe akaitikia kwa kichwa.

"Na wewe mama utampa mgongo. Akitazamwa hatoki. Utasikia mmoja anaomba, utasikia mwingine anajibu. Kisha utaona mkono umeingia mkononi mwako. Shuka nao. Utaitwa kwa sauti unayoipenda. Usigeuke, usijibu, mpaka uvuke kile kijito cha huko chini njiani."

"Wewe huji?"

"Magoti yangu yanafika hapa. Mimi mganga, si mbuzi."

Kupanda tena kulikuwa taabu ambayo sijui niiseme vipi. Redio alimfunga kaka yake kamba kiunoni akamvuta, Kijiko akaweka bega lake chini ya lile furushi akasukuma, akiunusa ule unyevu, akisikia joto lake shavuni, na wakati mwingine akisikia kwamba ndani yake kitu kinahema pamoja na mumewe. Walisahau kula. Alisoma kila dua aliyofundishwa, zikaisha, akaanza kumsomea mumewe mambo ya nyumbani, kwamba bati la jikoni linavuja, kwamba ameahidi kulitengeneza, kwamba asidhani atakwepa kazi ile kwa njia hii. Kobe alitoa sauti kidogo. Huenda ilikuwa kicheko. Na yule wa nyuma, ambaye sasa alikuwa mbele kwa sababu wao wamegeuka, alikuwa anarudi juu kinyumenyume ukunguni, kiasi cha kurusha jiwe, na uso wake ulikuwa umekwisha kushika.

Walifika shingoni adhuhuri, ila hakuna ambaye angejua ni adhuhuri. Kulikuwa kweupe kila upande, weupe wa pamba masikioni. Jiwe lilikuwepo. Redio alibaki nyuma kidogo ameshika mwisho wa kamba, amefumba macho, mpaka kamba ikalegea mkononi mwake. Kijiko akamfikisha mumewe mbele ya jiwe, akamfuta jasho kwa leso, akamwambia, "Anza wewe," akageuka, akawapa mgongo.

Akangoja, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko kupanda kote, kwa sababu nyuma yake hakusikia mtu akisogea wala akihema, alisikia tu matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye kijiko chake yakamwingia shingoni, na akawa anawaza kwamba mumewe ameishiwa nguvu za kusema hata neno moja, na akawa anataka kugeuka, na akawa anajibana kucha viganjani asigeuke, na ndipo sauti ya Kobe ikasema:

"Nipo—"

Na sauti ya Kobe, kabla ile ya kwanza haijamaliza, ikajibu:

"Nimekupokea."

Kitu kizito kikashuka juu ya jiwe. Mkono ukaingia mkononi mwake. Mkono mpana, mkavu, wa vuguvugu. Akaupapasa mgongo kwa mkono wa pili, kinyumenyume, bila kutazama, na mgongo ulikuwa mtupu.

Akashuka. Akashuka anakimbia, anamvuta, na Redio mbele yao anafungua njia kwa kelele, maana mdomo wake ulikuwa umefunguka ghafla, na nyuma yao kule jiweni sauti ikaanza kumwita. Ikamwita Kijiko. Ikamwita mke wangu. Ikamwita kwa lile jina la chumbani ambalo hata mimi sijui ni lipi, na ninayajua mengi. Ikasema bati la jikoni nitalitengeneza. Akalia huku anakimbia, akaziba sikio moja kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine ulikuwa na kazi, na hakugeuka. Kijito walikivuka jua likiwa linatua. Alipotazama pembeni, aliyemshika mkono alikuwa mumewe.

Nyumbani watu walikuja kumwona. Walimsifu Kobe kwa kunyooka mgongo, wakasema mlima umemrudisha kijana. Hakuwa anaongea sana, lakini Redio alikuwa anaongea kwa wawili. Bati la jikoni alilitengeneza siku ya pili, bila kukumbushwa, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mke yeyote. Alikula ameinamisha kichwa. Hakucheka. Kijiko alisema ni uchovu. Usiku alipopanda kitandani, upande wake wa godoro haukubonyea. Kijiko alisema amekonda. Kulikuwa na harufu chumbani ya nguo zilizofungiwa mbichi, akaanika kila nguo ya kabati, akaanika godoro, akaanika mapazia, na kila jioni akaingia chumbani akaikuta harufu imekaa inamngoja, na kila jioni akasema kesho ataanika tena. Mtu aliyekimbia vile asigeuke, unataka akubali upesi?

Halafu akaja Daktari wa Meno, na mkoba wake, na aibu yake.

"Nimekuja kulitazama lile pengo," akasema. "Kaa hapa kwenye mwanga, bwana Kobe. Fungua mdomo."

Mtu yule akamtazama Kijiko kwanza. Kisha akafungua mdomo.

Daktari akamulika kwa tochi. Alitazama muda mrefu. Akazima tochi, akafunga mkoba, akaenda kunawa mikono ingawa hakugusa kitu. Kijiko akamfuata hadi mlangoni.

"Limepona?"

"Mama," Daktari akasema polepole, "mimi lile jino nililing'oa. Nililishika. Huyu hajawahi kung'olewa jino maishani mwake. Yote yapo. Mazuri kweli."

Kijiko akafungua pembe ya leso. Jino la mumewe lilikuwepo, na mizizi yake yote. Alilitazama, na ndipo akasikia upya yale ya jiweni. Aliyeomba alianza kwa utulivu. Aliyejibu hakungoja mwenzake amalize. Dunia nzima ina mtu mmoja tu anayejibu hivyo. Kobe alifikiwa na ombi kabla hajaanza lake, naye akajibu, kama anavyojibu usingizini, kama alivyojibu maisha yake yote.

Na akaitwa akiwa anakimbia. Na hakugeuka.

Hakupiga kelele. Alivaa viatu vya mlima, akatia sufuria ndogo kwenye shanta, akachomeka kijiko kwenye kilemba. Alipokuwa anatoka, yule aliyekaa barazani akainuka kwa heshima zote, akanyoosha mikono.

"Umebeba, mke wangu. Nikupokee?"

"Sijachoka," akasema, akampita.

Aliondoka na gari la Daktari mpaka mwanzo wa njia, ndiyo maana mpaka leo kuna watu, na ninawajua kwa majina, wanaosema Kijiko alitoroshwa na daktari wa meno. Waache waseme. Daktari alirudi peke yake siku ileile, na anayeishi barazani hajamuuliza mtu mkewe yuko wapi. Bado anapeleka wageni mlimani. Wanamsifu. Wanasema hachoki, haachi nyayo, na ana meno mazuri.

Redio hafanyi kazi naye. Redio hupanda peke yake, siku kukiwa na ukungu. Anafika shingoni, anasimama mbali na jiwe, mikono ameitia mfukoni mpaka kwenye viwiko kama angeweza, na anawasikia. Wako wawili. Aliye na mzigo akielemewa anasema, na mwenzake anajibu, na aliyepumzika anajinyoosha kidogo, anapika kitu, kijiko kinagonga sufuria. Kisha zamu inageuka. Hakuna anayeshuka. Kila mmoja angeweza kumwacha mwenzake, na hakuna anayemwacha.

Mara ya kwanza Redio alilia akasogea, akatoa mkono. Shemeji yake akamkataza.

"Rudisha mkono mfukoni, shemeji. Wewe ongea tu."

"Niongee nini?"

"Chochote. Habari za mtaani. Nani kaoa, nani kaachika. Na ukishuka usinyamaze, tukusikie mpaka upotee."

Kwa hiyo anaongea. Anawapa habari zote, na nyingine anazitunga, halafu anashuka kinyumenyume bado anaongea, mpaka koo linamkauka, mpaka kijito kinaifunika sauti yake. Na kila akinyamaza kuvuta pumzi, huko juu, ndani ya weupe, anasikia mwanamke anasema, "Nipo—"

Na mwanamume, hajangoja amalize.

"Nimekupokea."